Gololi ya Tano

Mwanjelwa, 10 Novemba 1974

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana na bati letu limeonyesha tabia yake. Nimetega sufuria mbili kitandani na beseni juu ya mashine ya Isakwisa. Ndiyo, mashine ndiyo iliyopata beseni.

Daftari hili nimelinunua ili nipate pa kumsemea mume wangu. Mama yake hapendi kusikia mwanawe akisemwa, na majirani wa hapa wanasikia kupita kiasi. Isakwisa ni fundi umeme. Mwezi wa saba alitoka kwenda kununua godoro la sponji, kwenye vitu vilivyokuwa vikiuzwa vya kambi ya Wataliani waliojenga bomba la mafuta. Akarudi anasukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni hakuna godoro. Kuna meza ya miguu minne ya chuma, imefunikwa kioo, na kichwani imesimamishwa picha ya mwanamke wa Kizungu aliyevaa nguo ya kuogelea. Wataliani walikuwa wanaiita flipa. Vijana wa hapa wanaiita gololi ya umeme, na hawakukosea. Unavuta springi, gololi ya chuma inapanda juu, inagongana na vitu vinavyolia na kuhesabu, halafu inarudi chini, na hapo wewe unabonyeza vitufe pembeni ili mikono miwili midogo iipige isizame. Zikizama gololi tano, mchezo umekwisha.

Nilitaka godoro, nikaletewa gololi.

"Nimeipata kwa bei ya kutupa kwa sababu imekufa," akaniambia, meno yote nje. "Kilichokufa ukikifufua mwenyewe, hiyo ndiyo faida, Apolonia."

Akaifufua. Wiki tatu nilimshikia tochi mpaka mkono ukaota sugu. Mama mkwe akamfunga yule Mzungu kanga kiunoni, akasema sasa anaweza kukaa na watu. Halafu Oktoba Isakwisa akapata kazi ya reli upande wa Zambia, huko Mpika, akaenda. Kasema Krismasi atakuwa nyumbani.

11 Novemba

Mvua. Foleni ya unga. Nimepata wa njano, ule wanaouita Yanga. Mama anasema ni chakula cha kuku wa watu wengine.

15 Novemba

Leo nusura nigongane na Mzee mlangoni. Nimeruka dirisha la jikoni, mimi mtu mzima niliyeolewa kanisani.

Mzee ni baba mkwe wangu. Jina lake siliandiki hata humu, na hiyo yenyewe ndiyo habari. Mimi ni Mhehe wa Mlandege, Iringa. Kwetu baba mkwe unampigia goti, unamwambia "Kamwene", unampa maji ya kunawa, na mkiishi vizuri mtataniana mpaka uzee. Hawa Wanyakyusa, wazee wao, mkamwana hatakiwi kumtazama baba wa mumewe. Hakai anapokaa yeye, hamtaji jina, hali naye, hasemi naye. Ndiyo heshima. Mimi nilipofika siku ya kwanza nikamfuata moja kwa moja, mkono nimeunyoosha, kamwene baba. Maskini akageuka akaweka uso ukutani, akasimama hivyo mpaka mama alipokuja kuniondoa. Nililia siku nzima nikidhani ananichukia.

Sasa nimezoea. Yeye hukohoa mara mbili akitaka kuingia, mimi natoka kwa nyuma. Miaka miwili nyumba moja, namjua kikohozi, viatu na kofia. Uso namjua kwenye picha ya harusi tu.

Chumba cha mbele ni duka letu la chumvi na mafuta ya taa, na mashine imewekwa humo, maana ni nyumba ya barabarani na umeme upo. Asubuhi tunauza mama na mimi, vijana wanacheza. Saa tisa kinakuja kikohozi. Mimi natoka, Mzee anakaa, na vijana wanaona haya wanaondoka. Hapo Mzee anacheza mwenyewe mpaka tunafunga.

19 Novemba

Mashine inanuka moto. Nimefungua mgongo wake kama Isakwisa alivyonionyesha. Transfoma huwezi kuishika.

20 Novemba

Nimetoa nusu ya balbu. Isakwisa alipokuwa anaondoka aliniachia maneno haya, na aliyarudia stendi mpaka kondakta akamkemea: "Mashine ya maskini inataka mambo matatu. Miguu iwe sawa, mpira uwe hai, swichi ziwe safi. Taa usihangaike nazo, taa ni sifa." Basi nimeondoa sifa, na transfoma imepoa.

Zubery ameingia akaanza kelele. Huyu ni dereva wa lori la Tunduma na Zambia, mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa hapahapa Mwanjelwa, rafiki wa Isakwisa tangu shule.

"Shemeji, mbona mmeweka msiba?"

"Unakuja kucheza au kusoma gazeti?"

"Nacheza."

"Basi gololi inang'aa yenyewe."

Akacheza, akapata namba kubwa kuliko zake zote, hakutaja taa tena.

26 Novemba

Mkono wa kushoto wa mashine umelegea. Gololi inapita kama kwenye mlango wazi. Kosa lilikuwa swichi iliyoota kutu kwa unyevu. Isakwisa alinikataza msasa, kwamba msasa unakula chuma na swichi ya bei ndogo haina chuma cha kuliwa. Kipande cha karatasi ngumu ya boksi la sabuni, unakipitisha katikati taratibu, basi. Nimefanya hivyo na mkono umeamka.

Jioni nilikuwa jikoni namenya ndizi nikasikia Mzee anacheka. Miaka miwili sijawahi kumsikia akicheka. Nikaacha kumenya.

27 Novemba

Tumefunga duka, nimeenda kufagia, nikakuta namba za Mzee bado zimesimama kwenye kioo na gololi nne zimezama. Ya tano ipo, imepandishwa kabisa, imekaa mbele ya springi inangoja. Labda kamaliza nguvu, au kasahau, ni mzee. Nikaipiga ili mashine ilale vizuri. Nilikaa nayo hewani muda mrefu, nikajisikia vibaya kwamba hakuna aliyeona.

28 Novemba

Gololi ya tano tena.

29 Novemba

Tena. Nimeipiga.

4 Desemba

Mipira imekufa. Gololi inagonga inaanguka kama imechoka kuishi. Nimekata mipira ya baiskeli nikavalisha, haikufaa, laini mno. Zubery kaniletea kipande cha tyubu ya lori: "Hiki kimetembea Lusaka na kurudi, kina akili." Nimekata pete nyembamba kwa wembe, moja baada ya moja, kidole changu pia. Mashine imekuwa kali. Mpya yake hata sijui ilikuwaje, lakini kwa hii tuliyonayo, leo ndiyo imekuwa nzima.

Nilitamani Isakwisa aisikie. Nimetamani mpaka nikatoka nje nikasimama barabarani kama mjinga, natazama malori yanayotoka Tunduma.

9 Desemba

Mguu wa kushoto wa mashine umezama kwenye sakafu. Mvua imelainisha udongo. Nimeweka kipande cha bati.

14 Desemba

Nimegundua jambo. Mzee haitikisi mashine kamwe. Vijana wote wanaitikisa, wanaipiga makofi, mpaka inakasirika inajizima. Namba zake zinapanda polepole, kama mtu anayepalilia. Na ile gololi ya tano anaiacha kila siku, imepandishwa, imenyooka. Naipiga kila jioni, na namba zinazobaki kwenye kioo ni za kwake na za kwangu zimejumlishwa. Sijui kama anaona. Mama nimemuuliza mbona baba hamalizi mchezo, akasema, "Mzee huyu hata chai hamalizi."

25 Desemba

Nimevaa gauni la bluu tangu asubuhi. Nimepika wali wa Usangu, kuku, ndizi za nazi. Nilijua basi la kutoka Tunduma linafika lini na nikajifanya sijui. Likafika. Nikajifanya natafuta chumvi dukani, niko mlangoni. Wakashuka watu wote wa dunia hii. Akashuka mwanamke na cherehani. Wakashuka wanaume watatu wenye magodoro ya sponji, nakwambia, magodoro, wameyakunja wameyafunga kamba. Isakwisa hakushuka.

Nilivumilia mpaka chakula kilipopakuliwa. Mama akaweka sahani moja pembeni akaifunika. Nikamuuliza ya nani. Akasema, "Mtu akisafiri tunamtengea." Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mvua, nikalia na gauni la bluu.

Namtaka mume wangu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia. Namtaka na kelele zake, na vidole vyake vinavyonuka risasi ya kuchomelea, na tabia yake ya kueleza jambo ambalo nimeshalielewa. Nataka nimshikie tochi. Nilikuwa nalalamika mkono unauma. Hata sasa ungeuma, ningeshika.

Jioni Mzee alicheza hata siku ya sikukuu. Gololi ya tano ilikuwepo. Nimeipiga huku macho yamejaa, ikaenda moja kwa moja shimoni.

2 Januari 1975

Heri ya mwaka mpya. Bati linavuja sehemu ya tatu.

11 Januari

Leo badala ya kwenda jikoni nilibaki nimejificha nyuma ya pazia la stoo, nisikie anavyocheza. Najua ni makosa. Sikumtazama, nilisikiliza tu. Huwa anaongea na mashine, kwa Kiswahili, si Kinyakyusa. "Haya, mama. Taratibu. Panda." Sikujua kwamba ni mtu wa maneno. Nilidhani amezaliwa na kile kikohozi.

18 Januari

Gololi moja imepata kovu, inayumba. Zubery kaniletea ya beringi ya lori, imelingana kabisa. Nimeiweka ya mwisho kwenye foleni ili ndiyo iwe ya tano. Nimeona niwe na yangu.

19 Januari

Namba nzuri leo. Mzee na mimi tumewashinda vijana wote wa Mwanjelwa, na hakuna anayejua.

6 Februari

Nimeaibika.

Nilikuwa napiga gololi ya tano kama kawaida, mama akaingia kutafuta kibatari. Akasimama. Akaniuliza, "Unafanya nini na mchezo wa baba yako?" Nikamwambia huwa anaacha moja, namalizia. Mama akaweka mkono mdomoni.

"Apolonia. Hiyo si ya kumalizia. Mzee anamtengea mwanawe. Mtu akisafiri tunamtengea."

Sahani ya Krismasi ikanijia. Miezi yote hii baba anamwekea mtoto wake fungu, na mimi mtoto wa watu nalila kila jioni, na kujisifu najisifu. Ndiyo maana aliipandisha kabisa. Ndiyo maana aliinyoosha. Mgeni haoni kitu hata kikiwa puani.

Nimeapa siigusi tena.

7 Februari

Gololi ya tano. Nimefagia, nimezima taa, nimetoka.

8 Februari

Vilevile.

10 Februari

Zubery amerudi kutoka Zambia. Nimemuuliza umemwona? "Nimemwona. Mzima, shemeji. Kanona." Anasemaje? "Anasema Pasaka." Halafu akaanza kukagua magurudumu ya lori ambayo alishayakagua. Nikajiambia Zubery kachoka na safari.

21 Februari

Mvua siku nne bila kupumua. Nimekumbuka kwetu. Huko asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, na wajomba zangu wa Igowole wanakinga ulanzi kwenye mianzi, na kaka Danieli analewa mapema kuliko wote. Hapa hata baridi yao ina matope.

1 Machi

Mzee hakucheza leo. Alikaa tu dukani.

4 Machi

Hakucheza. Gololi ya tano ya tarehe mbili, mara ya mwisho alipocheza, bado ipo palepale. Vijana nao wameanza kulalamika kwamba siwaachi wacheze, nimewaambia mashine ni mbovu. Kwa nini nimewadanganya sijui. Naona kama tukiipiga Isakwisa hatarudi.

13 Machi

Mashine isipochezwa inakufa, alisema Isakwisa, maana swichi zinajisafisha kwa kugongana. Nimefungua mgongo, kila kitu kimeota ukungu wa kijani. Nimepitisha karatasi swichi zote. Mguu wa kushoto umezama tena, nimeweka jiwe.

Mama anasema Mzee hali vizuri.

30 Machi, Pasaka

Gauni la bluu sikuvaa. Basi la Tunduma limefika na kuondoka.

3 Aprili

Nitaandika taratibu, jambo moja moja.

Zubery alikuja asubuhi, hakuingia kucheza. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akamsalimia mama kwa heshima zote, nikajua. Mtu wa utani akikusalimia vizuri, ujue kuna jambo.

"Shemeji, nilikuficha Februari," akasema. "Leo siwezi. Isakwisa ana nyumba kule Mpika. Ana mwanamke, na mwanamke ni mjamzito. Mkataba wake ameuongeza. Kaniambia nisikuambie, nami nimekula chumvi ya nyumba hii."

Mama akakaa chini sakafuni kama gunia. Akaanza kulia kwa Kinyakyusa, na kuna kulia usikohitaji kujua lugha. Mimi sikulia. Nilimuuliza Zubery swali la kipumbavu ambalo nitalikumbuka mpaka kufa. Nilimuuliza, "Wana godoro?"

Zubery akainamisha kichwa. "Wanalo, shemeji."

Ndipo nikakasirika. Nimewahi kukasirika maishani lakini zile zilikuwa hasira za mazoezi. Nikaingia chumba cha mbele, nikashika nyundo ya Isakwisa. Nilikuwa niivunje ile mashine, kioo kwanza, halafu yule Mzungu na kanga yake, halafu swichi zote nilizozisafisha kwa boksi la sabuni, na zile pete za mpira zilizonikata vidole. Nilinyanyua nyundo. Gololi ya tano ilikuwa pale mbele ya springi, ya beringi, ile niliyoiita yangu, imekaa tangu Machi, na juu yake limeingia vumbi.

Nikaona: nikivunja hii navunja kazi ya nani? Ya Isakwisa ni wiki tatu. Iliyobaki yote ni mikono yangu. Nikaweka nyundo chini. Hapo ndipo nililia, na nililia kwa sauti bila kujali kama kuna kikohozi upande wa pili.

Kilikuwepo. Mzee alikuwa nje ya mlango wa barabarani. Alisikia habari yote. Hakukohoa mara mbili wala mara moja. Nilisikia viatu vyake vinaondoka kwenye matope.

4 Aprili

Nimempelekea kaka Danieli ujumbe kwa dereva wa Iringa. Aje anichukue.

5 Aprili

Mvua. Namtaka bado. Ningependa kuandika kwamba simtaki.

9 Aprili

Nimekunja nguo. Nilizokuja nazo zinatosha kwenye furushi lilelile. Mama ananifuata kila chumba. Kuna wakati alishika sweta langu akalikunja upya, vizuri zaidi.

12 Aprili

Danieli amefika na lori la mbao, na dumu la ulanzi wa Igowole lililochachuka njiani mpaka kifuniko kikaruka. Kamwene, kamwene, akanishika kichwa kama nilipokuwa mtoto. Alimsalimia Mzee kwa mkono, maana yeye ni mwanamume, anaruhusiwa. Niliwasikia wakinywa ulanzi wao mchungu chumba cha mbele. Niliona wivu. Kaka yangu kwa saa moja amepata nilichonyimwa mimi miaka miwili.

"Kesho asubuhi tunaondoka," Danieli akaniambia. "Yule mzee wako ana huzuni."

"Mwanawe amempoteza."

"Sijui. Ameniuliza habari zako wewe. Kaniuliza kwenu unapenda kula nini."

Halafu jioni mama akaja kukaa nami jikoni. Akachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Mzee ananiuliza jambo tangu Februari," akasema. "Nilimwona anazeeka, sikumjali. Leo kaniuliza tena, na machozi. Anasema, mkamwana alikasirikia nini? Nikamwambia amekasirika kwa habari ya Mpika. Akasema hapana, kabla. Kabla ya Mpika. Anasema, mbona aliacha kula nilichokuwa namtengea?"

Nikamwambia mama sielewi.

"Hata mimi. Nikamuuliza, unamtengea nini na huli naye? Akasema, gololi." Mama akajifuta uso kwa kanga. "Ilikuwa yako, mwanangu. Alianza ulipouponya ule mkono wa kushoto wa mashine. Kasema, siwezi kumwambia asante, siwezi kumtazama, siwezi kumpa kitu mkononi. Lakini naweza kumwachia sehemu. Mimi nilidhani ni ya Isakwisa. Hakuniambia, nilidhani tu, na nikakuambia wewe kama najua. Siku ulipoacha, yeye akajua umeanza kuondoka."

 Nikaongeza kuni.

13 Aprili

Nimeamka kunanyesha, ile mvua nyembamba ya mwisho wa masika. Danieli alishawasha lori, anapasha injini. Nikaingia chumba cha mbele kuchukua tochi, maana tochi ni yangu.

Mashine ilikuwa imewashwa. Vumbi limefutwa. Na taa zote zinawaka, zote kabisa. Zile balbu nilizozitoa Novemba nikazitia kwenye kopo, mtu amezirudisha moja moja, na nyingine amezipachika ovyo, za kijani penye nyekundu. Isakwisa angepiga kelele, transfoma itaungua. Gololi nne zilikuwa zimezama. Ya tano ilikuwa mbele ya springi.

Mlango wa barabarani ulikuwa wazi, na Mzee alikuwa amesimama nje, mvuani, amenipa mgongo. Koti lake limelowa mabegani. Alijua niko ndani, nilijua anajua. Nikataka kukimbia kwa nyuma, sikukimbia.

Akakohoa mara mbili. Halafu akaongea, uso wake umeelekea barabarani, na hakuwa anaongea na mimi.

"Wewe mashine," akasema. "Ulikuja hapa umekufa. Aliyekununua amekuacha, na mimi nimemzaa, aibu hiyo ni yangu. Lakini aliyekutunza yupo. Sasa nisikilize, mashine. Nyumba hii ni ya aliyekutunza. Akitaka kwenda kwao kupumzika, aende, arudi kwake. Yule wangu akija, yeye ndiye atakayepiga hodi."

Lori la Danieli likazima. Nadhani naye alisikia.

Nikaenda kwenye mashine. Machozi yamenijaa, taa zimekuwa nyingi kupita zilivyo. Nikavuta springi mpaka mwisho, nikaachia. Natamani niandike kwamba nilicheza mchezo wa ajabu. Gololi ilipanda, ikagonga vitu viwili, ikarudi ikapita katikati ya mikono yote miwili bila kuguswa. Ikazama.

"Taratibu," ile sauti ikasema kule nje, kwa mashine. "Taratibu, mama."

Danieli akaja kwa mlango wa jikoni, kashika furushi langu. Akaniuliza, "Nipakie?"

"Pakia gunia la mchele nililowanunulia nyumbani," nikamwambia. "Hilo furushi liache. Mwambie mama yetu nitakuja mavuno, kusalimia."

14 Aprili

Nimetoa nusu ya balbu tena. Kushukuru ni kushukuru, transfoma ni transfoma.

22 Aprili

Zubery anapita na lori, anapiga honi tu, haingii. Nimemtuma mtu amwambie kwamba aje, tyubu nyingine inahitajika. Amekuja mbio.

2 Mei

Leo siku ya tisa bila mvua. Sakafu imekauka, jiwe la chini ya mguu wa kushoto limekaza, mashine iko sawa kuliko ilivyokuwa tangu inunuliwe.

Basi la Tunduma lilipofika, masikio yangu yalikwenda. Yataendelea kwenda, nafikiri, muda mrefu. Nikawaacha watu washuke.

Leo nimecheza mimi kwanza, kabla ya saa tisa. Nimepiga nne. Ya tano nimeipandisha, nimeinyoosha mbele ya springi, nimetoka kwa nyuma. Hiyo si ya Isakwisa. Kikohozi kikaja mara mbili, na kidogo baadaye, nikiwa namenya ndizi, nimeisikia ikipigwa.